Waliokufa Wakijifunza

Mjini Iringa yako makaburi ya vita ambayo wengi wetu hupita kando yake bila kugeuza shingo. Wamelala humo askari wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na watu wa makoloni yao, pamoja na Wajerumani waliokuwa wakipigana nao. Waliowindana msituni sasa ni majirani wa kudumu. Asomaye mawe ya namna hiyo hukuta cheo, jina, kikosi na tarehe ya kufariki, na pengine umri. Kwa kawaida jiwe halisemi mtu alikufaje. Aliyepigwa risasi, aliyemalizwa na homa, na aliyeanguka na ndege katika mazoezi, wote huandikwa kwa mtindo mmoja.

Desturi hiyo ilianza mwaka 1917, ilipoundwa tume ya kutunza makaburi ya askari wa himaya ya Uingereza. Mimi naiona kuwa ni desturi njema, kwa sababu mama aliyefiwa hapaswi kuambiwa kwamba kifo cha mwanawe ni kidogo kuliko cha mtoto wa jirani. Hata hivyo, kila jambo jema lina kivuli chake. Jiwe linapokaa kimya juu ya sababu ya kifo, sisi tuliobaki hujaza pengo hilo kwa mazoea, tukadhani kwamba kila aliyekufa vitani aliuawa na adui.

Si kweli. Katika Vita Vikuu vya Pili, kikosi cha Uingereza cha ndege za mabomu kilipoteza watu 55,573. Zaidi ya 8,000 kati yao walikufa katika mafunzo na katika ajali nyingine zilizotokea nje ya mapambano. Jeshi la anga la Marekani nalo lilipoteza watu wapatao 15,000 katika ajali za ndege ndani ya ardhi ya Marekani yenyewe, mbali kabisa na medani. Mimi nilizoea kuhesabu watoto mstarini kila asubuhi, kwa hiyo hesabu kubwa huzielewa kwa kuzigeuza kuwa shule. Watu 15,000 ni shule 30 zenye wanafunzi 500 kila moja. Fikiria, msomaji, shule 30 zilizofungwa kwa sababu hakubaki wa kuitikia jina lake.

Marehemu baba yangu ndiye aliyenifanya nilifikirie jambo hili. Hakuwa msomi. Wakati wa vita vile alichukuliwa kutoka huku kwetu Uhehe, akapelekwa Tanga kufanya kazi katika kikosi cha vibarua wa jeshi. Kazi yao ilikuwa kufyeka nyasi za uwanja wa ndege, kufukia mashimo baada ya mvua na kubeba mapipa ya mafuta.

Kwa nini Tanga, mji wa katani na bandari ndogo, ulipata ndege za kivita? Mwezi Aprili 1942 ndege za Wajapani, zikitoka kwenye manowari zao, zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Meli za kivita za Waingereza katika Bahari ya Hindi zikarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Manowari zile za kubeba ndege zilipotia nanga, ndege zake zilihitaji viwanja vya nchi kavu ili marubani waendelee kujinoa. Jeshi la majini la Waingereza lina desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kama la meli, na safari hii walichagua maneno ya Kiswahili. Kituo cha Port Reitz, Mombasa, kiliitwa Kipanga. Cha Nairobi kiliitwa Korongo. Na cha Tanga kiliitwa Kilele. Vituo hivyo vilifanya kazi hadi mwaka 1944, kisha vita viliposogea mashariki vikafungwa.

Baba hakuwa na habari za Ceylon. Alichokumbuka ni ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine, ambazo yeye aliziita ndege za ghorofa, na vijana watatu waliokaa humo wakifuatana, vichwa vyao vikionekana nje. Mmoja wao alikuwa na mazoea ya kuwasalimu vibarua asubuhi kwa Kiswahili kibovu, wakacheka, naye akacheka. Siku moja ndege kadhaa zilikwenda baharini kwa mazoezi. Zilirudi zote isipokuwa ile ya kijana yule. Mashua zilitumwa, zikarudi jioni na gurudumu moja. Kesho yake vibarua waliendelea kufyeka nyasi, na ndege ziliendelea kuruka kama kawaida.

Baba alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara aliimaliza kwa swali lilelile. "Mwanangu, wewe umesoma. Mjapani hakuwapo, Mjerumani hakuwapo. Yule kijana aliuawa na nani?"

Swali la mzee lilikuwa zito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Aliyekufa mbele ya adui, jamaa zake hujua wa kumlaumu. Aliyekufa akijifunza hana adui wa kutajwa, na kwa kuwa hana, watu hutafuta neno la kufunikia. Husema ilikuwa bahati mbaya, au siku zake zilikuwa zimefika. Maneno hayo yanafaa matangani, kwa kuwa humsaidia mfiwa apate usingizi. Hayafai darasani, kwa sababu mwanafunzi anayefuata atapanda ndege ileile kesho asubuhi.

Nilipokuwa nikiwaandaa walimu chuoni, tuliwapeleka wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo aliyeingia darasani na andalio baya aliharibu kipindi kimoja. Watoto walipiga kelele, mkufunzi aliandika maoni yake katika jalada, na kesho yake kijana alirudia somo. Kuruka hakuna ukarimu wa namna hiyo. Lazima ifike siku mkufunzi ateremke na mwanafunzi aende juu peke yake, na siku hiyo hakuna wa kumshika mkono.

Mafunzo ya wakati wa vita yalikuwa na hatari zake za ziada. Kwanza ni haraka. Muda wa kozi ulikatwa kwa sababu marubani walihitajika mbele. Pili, mara nyingi ndege mpya zilipelekwa vitani, na wanafunzi wakaachiwa zilizochakaa. Tatu ni mazoezi yenyewe. Rubani wa kutupa kombora la majini alipaswa kuruka chini sana juu ya bahari. Bahari ikitulia kama kioo, jicho haliwezi kupima umbali kati ya ndege na maji. Mtu hudhani yuko juu kumbe gurudumu limekwisha kugusa. Nne ni nchi yenyewe. Huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya, ambako ndege za abiria za kampuni ya Imperial Airways zilianza kutua mwaka 1932 zikielekea Cape, iko juu zaidi ya hapo. Hewa ikiwa nyepesi bawa hupata nguvu kidogo na injini nayo huchoka, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kijana aliyezoea kuruka kando ya bahari akiletwa mahali kama hapo saa sita mchana, uwanja unaweza kumwishia kabla ndege haijaacha ardhi.

Mmoja wa waliojifunza katika hewa hiyo ya Nairobi aliondoka hapa kwetu Tanganyika. Huyo ni Roald Dahl, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa vitabu vya watoto. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliendesha gari lake kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, akajiandikisha katika jeshi la anga. Alikuwa mrefu mno kwa kile kiti cha ndege ndogo aina ya Tiger Moth. Kichwa kilitokeza juu ya kioo cha kukinga upepo. Baada ya mafunzo ya saa 7 na dakika 40 alirushwa peke yake. Wenziwe katika kozi ile walikuwa kama 16, na kwa maelezo aliyoyaacha, watatu tu ndio waliovuka vita.

Dahl mwenyewe nusura awe miongoni mwa wasiovuka. Baada ya miezi kadhaa ya mafunzo mengine huko Habbaniya, Iraki, alipangiwa kikosi cha 80 kilichokuwa katika jangwa la Misri. Tarehe 19 Septemba 1940 alipewa ndege ya kivita aina ya Gladiator, ambayo hakuwa amefunzwa kupigana nayo, aipeleke kwa kikosi chake. Alielekezwa mahali ambapo kikosi hakipo. Jua likazama, mafuta yakakaribia kwisha, akajaribu kutua jangwani, ndege ikagonga mwamba na kuwaka moto. Alitoka akitambaa, fuvu limevunjika, akakaa kipofu kwa majuma kadhaa. Uchunguzi wa jeshi ulithibitisha kwamba maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi. Hebu tumsikilize mzee wangu akiuliza: kama kijana yule angekufa, angekuwa ameuawa na nani? Angekuwa ameuawa na sentensi moja, iliyotamkwa na mtu aliyekaa kivulini.

Tusidhani kwamba hatari hiyo ni ya wachanga peke yao. Rubani hujifunza mpaka siku anayoacha kuruka, na mazoezi yanaweza kumchukua hata aliyeshinda makubwa. Mfano wake unapatikana katika delta ya Rufiji. Mwezi Januari 1917 ndege ya majini ya Waingereza iliyokuwa ikipeleleza huko ilipata hitilafu ya injini, ikashuka katika mojawapo ya vijito vya delta. Ndani yake walikuwamo rubani Edwin Rowland Moon, mwenyeji wa Southampton, na ofisa mwenzake Richard Bridgeman. Waliichoma moto ndege yao isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani, kisha wakaanza kutafuta njia ya kutokea baharini. Atakayekwenda Rufiji ataelewa maana ya maneno hayo: mikoko, matope, maji yanayojaa na kupwa, mbu na mamba. Walihangaika kwa siku kadhaa. Bridgeman alikufa kwa uchovu na mateso ya njia. Moon alitekwa, akawa mfungwa, akaja kuachiliwa, na akapewa nishani kwa jinsi alivyojitahidi kumwokoa mwenzake.

Hapo ungesema kwamba aliyetolewa na Rufiji hatachukuliwa na jingine. Mwezi Aprili 1920, vita vikiwa vimekwisha kitambo, Moon alikufa huko Felixstowe, Uingereza, ndege yake ya majini ilipoanguka katika safari ya mafunzo. Mamba walimwacha, mazoezi yakamchukua.

Habari ya tatu ni ya Kufra, na kwa maoni yangu ndiyo inayopasa kusomwa na kila mkufunzi, awe wa marubani au wa madereva wa malori. Kufra ni chemchemi katika jangwa la kusini-mashariki mwa Libya. Alfajiri ya tarehe 4 Mei 1942 ndege tatu aina ya Blenheim za kikosi cha 15 cha Afrika Kusini ziliondoka hapo zikiwa na watu 12. Walikuwa wageni mahali pale, na safari yenyewe ilikuwa ya kuzoea eneo, yaani waizunguke nchi kwa saa chache na kurudi. Wakapotea. Ndege moja ilipata hitilafu ya injini, zote tatu zikashuka mchangani, zikiwa nzima na watu wake wakiwa hai. Hapakuwa na mapambano wala mlipuko. Palikuwa na jua na maji kidogo tu.

Walitarajia kupatikana siku ileile. Walijaribu kurusha ndege moja baada ya nyingine ili watafute njia, nao wakazidi kutawanyika. Waliokuwa wakiwatafuta walizuiwa na dhoruba za mchanga. Maji yalipokwisha walifika mahali pa kunywa hata maji ya ndani ya dira. Walipopatikana, baada ya wiki moja hivi, aliyekuwa hai ni mmoja. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa kiu.

Jeshi lilifanya uchunguzi, na matokeo yake hayakufunika jambo. Waongoza njia hawakuwa na uzoefu wa jangwa na hawakuweka vizuri kumbukumbu za mwelekeo na muda. Mawasiliano ya redio yalivurugika. Akiba ya maji haikutosha kwa watu wanaoweza kupotea. Ukiyatazama mambo hayo moja moja, kila moja ni dogo. Lingerekebishwa kwa penseli, kwa daftari, kwa madebe machache ya ziada. Kwa hiyo swali la mzee wangu lina jibu. Kijana aliyekufa mazoezini mara nyingi ameuawa na mambo madogo yaliyopangana mstari mmoja. Mambo hayo yanaweza kutajwa, na yakishatajwa yanaweza kuondolewa.

Kuna wasiopenda kuyataja. Husema kwamba kueleza kosa la marehemu ni kumvunjia heshima, na kwamba familia yake iachwe na picha ya shujaa. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa nia yao ni ya huruma. Lakini kijana aliyejitolea kufunzwa kazi ya hatari alikubali jambo moja zaidi ya kufa: alikubali kusahihishwa. Kila siku mkufunzi alimwambia, hapa umekosea, rudia. Akifa, somo lake la mwisho nalo lisahihishwe kwa uaminifu uleule, bila kebehi na bila kupamba. Kulifunika ni kumfukuza darasani baada ya kufa.

Lipo na suala la mwili. Ndege ikizama baharini, mara nyingi hakuna cha kuzika. Sisi watu wa Kalenga hatuhitaji kufundishwa maana yake. Mtwa Mkwawa, ambaye ngome yake ilibomolewa hapa na Wajerumani mwaka 1894, alijiua mwezi Julai 1898 kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikachukuliwa kwenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwamba fuvu hilo lirudishwe, na bado halikurudi. Gavana Edward Twining ndiye aliyelileta Kalenga, tarehe 19 Juni 1954, miaka 56 baada ya kifo. Muda wote huo watu wa hapa waliishi na msiba usiofungwa. Kwa sababu hiyo huwaelewa wazazi wa Kiingereza waliopata barua kwamba mtoto wao hakurudi kutoka mazoezini katika bahari ya nchi wasiyoijua. Askari wa anga wa jeshi la majini wasio na kaburi huandikwa kwenye ukumbusho wa Lee-on-the-Solent, kusini mwa Uingereza, ambao una majina karibu 2,000. Wale wa jeshi la anga waliopotea wakirukia Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya wako Runnymede, majina zaidi ya 20,000. Jina lililochongwa si mifupa, lakini mama anaweza kulishika kwa kidole.

Hapa pana jambo ambalo siwezi kulipita, maana mzee wangu naye alikuwa kibarua. Hakuna ndege iliyoruka katika Afrika ya Mashariki bila uwanja, na hakuna uwanja uliojisafisha wenyewe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza kilianzia Mbuyuni, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1916, kikafuata jeshi kuelekea kusini. Kila kiliposogea palihitajika watu wa kung'oa visiki na kubeba petroli na vipuri kichwani. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na baridi, wengi kuliko askari. Wanahistoria wanaohesabu wapagazi waliofia upande wa Waingereza hufika watu wapatao 95,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao, na sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya jiji iliwekwa kwa heshima ya askari na wapagazi pia, ila haina majina yao. Mwezi Aprili 2021 tume ileile ya makaburi ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliotumikia himaya katika vita vile, sehemu kubwa yao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Rubani aliyeanguka aliandikwa. Aliyemsafishia uwanja hakuandikwa.

Mwaka juzi alinitembelea nyumbani Kalenga kijana niliyemfundisha zamani. Namwita kijana, lakini ana mvi. Ni fundi wa ndege za abiria, na siku hizi hufundisha mafundi wachanga.

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Hizo ndege zenu bado mnazifunga kwa nati?"

Tulicheka, kisha tukaingia katika mazungumzo haya. Nilimwuliza walijifunza nini zaidi walipokuwa chuoni.

"Ajali, Mwalimu. Tulisoma ajali kuliko tulivyosoma safari njema."

Akanieleza kwamba mkataba wa usafiri wa anga, uliotiwa saini Chicago mwezi Desemba 1944 wakati vita vikiwa bado havijaisha, ulifuatiwa mwaka 1951 na kanuni za uchunguzi wa ajali za ndege za kiraia. Kwa kanuni hizo mchunguzi hatafuti wa kumlaumu. Hutafuta sababu ili jambo lisirudie. Kazi ya kuhukumu ni ya vyombo vingine.

"Na majina ya waliokufa?" nikamwuliza.

"Kwa kawaida hayamo, Mwalimu. Ripoti hueleza injini, hali ya hewa, na alichokifanya rubani. Rubani huitwa rubani."

Nilikaa kimya kidogo. Kumbe mawe yana majina bila sababu, na ripoti zina sababu bila majina. Anayesoma jiwe huomboleza na asijifunze, na anayesoma ripoti hujifunza na asiomboleze. Nadhani kazi ya mwalimu ni kuviweka vitu hivyo viwili pamoja mbele ya mwanafunzi, angalau mara moja kabla hajashika usukani au bisibisi. Ajue kwamba kanuni ya kuhakiki mafuta mara mbili au ya kuandika muda na mwelekeo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilinunuliwa na mtu aliyekuwa na mama. Kijana anayelijua hilo hatairuka hatua kwa sababu amechoka au kwa sababu bosi ana haraka.

Nilimsimulia habari za Rufiji, naye akatoa daftari lake mfukoni. Aliandika: Bridgeman, injini, Januari 1917. Chini yake akaandika: Kufra, watu 11, kumbukumbu za njia na maji, Mei 1942. Kisha akainua kichwa.

"Na wale waliosafisha viwanja, Mwalimu, niandike nani?"

Nilimwambia aache mstari wazi, na wanafunzi wake wakiuliza kwa nini uko wazi, awaeleze.